Sevo ya Usukani kwa Gari la Rimoti: Kabla ya Kuuliza Kilo, Uliza Sili

Malalamiko ninayoletewa na wenzangu wanaoendesha magari ya rimoti hapa Mwanza yanafanana kiasi kwamba siku hizi nayajua kabla mtu hajamaliza sentensi. Amenunua sevo mpya ya usukani, yaani kile kikasha chenye mota na gia kinachogeuza magurudumu ya mbele, iliyoandikwa kilo 25 ubavuni, ameifunga mahali pa ile iliyokuja na gari, ameendesha ufukweni Luchelele au Igombe kwa muda usio mrefu, na sasa magurudumu ya mbele yanatetemeka hata pale asipogusa rimoti, au gari linavuta upande mmoja na linakataa kurudi katikati. Lawama huangukia gia, kisha betri, kisha risiva, yaani kipokezi cha mawimbi ya rimoti kilichomo ndani ya gari. Sevo ikifunguliwa, gia mara nyingi hukutwa nzima. Kilichoharibika ni kitu ambacho matangazo hayakitaji na wanunuzi hawakiulizi, nacho ni sili ya shafti, yaani ile pete ya mpira inayoizunguka shafti yenye meno pale inapochomoza juu ya kasha ili kubeba mkono wa usukani.

Kwa hiyo mwongozo huu unazipanga sevo kwa kigezo hicho kwanza, na vigezo vingine vinafuata nyuma yake. Najua wapo watakaoona kwamba nimeyageuza mambo juu chini.

Ya kilo nitayamaliza haraka. Nguvu ya sevo hupimwa kwa kilo kwa sentimita, maana yake ni uzito ambao sevo inaumudu ukiwa umbali wa sentimita moja kutoka katikati ya shafti. Wamarekani huandika aunsi kwa inchi, na ukigawa namba yao kwa 13.9 unapata kilo. Sevo ya Traxxas 2075, ambayo huja ndani ya magari mengi ya kampuni hiyo ya kipimo cha 1:10 (sehemu moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi) kama Slash, Rustler na Stampede, imeandikwa aunsi 125, yaani kilo 9 hivi. Kwa gari la 1:10 linalosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, kilo 9 hadi 12 zinatosha, mradi ziwe kilo za kweli. Gari la magurudumu manne lenye matairi mapana litafutiwe kilo 15 kwenda juu, na la kipimo cha 1:8 litafutiwe 20 kwenda juu. Kasi, yaani sekunde ambazo mkono wa sevo hutumia kuzunguka nyuzi 60, ni shughuli ya wanaoshindana kwenye lami na mazulia. Mchangani, sevo ya sekunde 0.20 na ile ya 0.14 hazina tofauti ambayo dereva wa kawaida ataihisi kidoleni.

Mchanga wa huku

Mwenzetu wa Dar es Salaam anayeendesha gari lake Kigamboni anapigana na chumvi, na ushauri wake wote, wa kusuuza mara moja kwa maji ya bomba na kupulizia dawa ya kuzuia kutu, ni sahihi kwa mahali alipo. Ziwa letu ni la maji baridi na chumvi si adui wetu mkuu. Adui wetu ni chembe. Miamba iliyoupa mji huu sifa yake ni granaiti, na granaiti ikimomonyoka huacha chembe za kwatzi, ambazo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs zimekaa kwenye 7, wakati brasi na aluminiamu ziko chini sana na chuma cha kawaida hakizifikii. Chembe ya namna hiyo ikijibana kati ya shafti na bushi yake, si chembe inayoliwa. Kuna tena udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika hunata kwenye matairi na wakati wa kiangazi hugeuka vumbi laini kuliko unga, nalo hupenya mahali ambapo chembe ya mchanga ingekwama. Anayeendesha Luchelele Jumamosi na viwanja vya Kisesa Jumapili anaipelekea sevo yake vyote viwili, na kwenye magari mengi sevo hulazwa chini, nyuma kidogo ya ekseli ya mbele, mahali hasa ambapo magurudumu hurushia uchafu wake.

Nieleze kinachoonekana sevo ya namna hiyo ikifunguliwa. Sevo ya ukubwa wa kawaida ina urefu wa milimita 40 hivi na upana wa milimita 20, na hufungwa kwa skrubu nne ndefu zinazoingilia chini na kushika kifuniko cha juu. Ukizitoa na kukiinua kifuniko taratibu unaona gia zilizopakwa grisi, kuanzia kijigia cha mota hadi gia kubwa ya shafti. Grisi ya upande wa mota inakuwa bado safi, lakini kadiri unavyosogea kuelekea gia ya mwisho inageuka kijivu, na ukiisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unahisi mikwaruzo. Gia ya mwisho ukiishika na kuisukuma pembeni, inacheza. Chini yake, ikizungushwa nayo moja kwa moja, ndipo ilipo potenshomita, kifaa kinachoiarifu saketi ya sevo kwamba usukani umefika wapi. Unyevu na unga wa chembe ukishuka kwa kufuata shafti, hutua hapo. Saketi inaanza kupata taarifa isiyotulia, inaiamuru mota irekebishe kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, na huo ndio mtetemo ambao watu wanaudhania kuwa kasoro ya risiva. Kwa kuwa usukani hukaa katikati kwa sehemu kubwa ya safari, njia ya potenshomita huchakaa zaidi hapo katikati, ndiyo maana gari huyumba likinyooka na kutulia kidogo linapokata kona.

Mafundi wa bodaboda pale Buzuruga hawahitaji kuelezwa jambo hili. Shokapu za mbele zinazovuja mafuta, ambazo huwafikia kila siku, zimeuawa kwa njia ileile: mchanga hujibana kwenye mdomo wa sili, sili huchanika, na bomba la shokapu huanza kukwaruzika. Tofauti ni kwamba mwenye bodaboda huyaona mafuta yakitiririka, ilhali sevo haitiririshi chochote na mwenyewe huendelea kuendesha mpaka mwisho wake.

Tarakimu ya kwanza

Maneno "haipitishi maji" peke yake hayana thamani yoyote kibiashara wala kiufundi. Kinachohesabika ni alama ya IP ikifuatiwa na tarakimu mbili, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza inahusu vitu vikavu na vumbi, na 6 ndiyo daraja la juu kabisa, kwamba vumbi haliingii hata kidogo. 5 inaruhusu vumbi kidogo, alimradi lisizuie kifaa kufanya kazi. Tarakimu ya pili inahusu maji, na 7 ina maana kwamba kifaa kimezamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30 na hakikudhurika. Sasa tazama lile linalowaponyoka wengi. Ukiona herufi X mahali pa tarakimu ya kwanza, kama vile IPX7, ujue kwamba kuhusu vumbi hakuna daraja lililotajwa. Sevo kama hiyo inaweza kulala ndani ya ndoo nusu saa ikaamka salama, na bado isiwe imekuahidi chochote kuhusu mchanga wa Igombe. Mnunuzi wa kando ya ziwa huyaona maji mbele yake, akauliza habari za maji, akajibiwa habari za maji, na mchanga ukaachiwa mlango wazi.

Hata IP67 ina mipaka yake. Kuzamishwa si sawa na kupigwa na maji ya presha, na kiwango chenyewe hutenganisha vipimo hivyo viwili: tarakimu za pili za 5 na 6 ndizo za maji ya kurushwa kwa nguvu, na kifaa cha daraja la 7 hakihesabiwi kuwa kimefuzu hizo isipokuwa kimetajwa kwa alama zote mbili. Kwa hiyo vijana wanaopeleka magari yao ya rimoti kule kunakooshewa magari makubwa kwa mashine ya presha, kisha wakashangaa kwamba sevo "ya IP67" imeingia maji, hawajadanganywa na kiwanda. Mkondo wa namna ile huubinua mdomo wa sili na kuusukumia mchanga ndani, kazi ambayo ziwa lenyewe lisingeifanya.

Liko pia suala la joto. Sevo iliyofanya kazi ngumu huwa ya moto, na hewa iliyomo ndani ya kasha huwa imepanuka. Ukiitumbukiza ghafla kwenye maji, hewa hiyo husinyaa na sevo huvuta kuelekea ndani, na njia rahisi ya kuvutia ni palepale kwenye shafti. Acha gari lipoe kivulini kabla ya kulisuuza. Na ukisuuza, chota maji kwa ndoo badala ya kusimama ziwani kwenye majani, kwa sababu kichocho hakijui kwamba wewe umekuja kwa ajili ya gari.

Namna ya kukagua

Ukibahatika kuishika sevo kabla ya kulipa, iinamishe na uimulike kwa tochi ya simu pale shafti inapotokea. Unatafuta pete ya mpira iliyojaa nafasi kati ya shafti na kasha, isiyo na pengo upande wowote. Ukiona chuma cha beringi moja kwa moja, ujue kwamba sili haipo au imewekwa chini zaidi, na hapo ni haki yako kuuliza iko wapi. Funga mkono wa sevo, uushike karibu na shafti, uusukume pembeni bila kuuzungusha. Sevo mpya isicheze hata kidogo, kwa kuwa sili haiwezi kuibana shafti inayoyumba. Kisha tazama maungio mawili ya kasha, lile la kifuniko cha juu na lile la chini, kama kuna gasketi inayoonekana kwa mstari mwembamba, na mwisho tazama pale waya unapoingilia, ambapo pawe na kizibo cha mpira kilichoshika waya wote watatu. Anayenunua kwa mbali aombe picha ya sehemu hizo tatu. Picha ya boksi haimsaidii mtu.

Mpangilio wangu

Sifichi kwamba nina upendeleo, na upendeleo wenyewe ni kwa Hitec, kampuni ya Korea Kusini ambayo imekuwa ikitengeneza sevo zenye herufi WP mwishoni mwa jina na kuziandikia IP67 waziwazi, zikiwa na ile 6 ya vumbi mbele. Nafasi ya kwanza naipa D646WP. Gia zake ni za chuma, inafanya kazi kuanzia volti 4.8 hadi 7.4, shafti yake ina meno 25 na kwa hiyo inapokea mikono ileile inayotumika kwenye sevo za Traxxas, na kwa volti 7.4 inatoa kilo 11 na ushee. Pingamizi ninalolisikia kila ninapoitaja ni kwamba mtu anatoa dola 50 au 60 ili apate kilo zinazokaribiana na za ile sevo aliyoivua. Ni kweli, na kwa gari la magurudumu mawili ya kusukuma sioni aibu yoyote katika hilo. Sevo ya kilo 11 ambayo msimu ujao itakuwa bado na kilo 11 ina nguvu kuliko ya kilo 25 inayotetemeka. Faida nyingine ya kampuni hii, ambayo kwangu ina uzito karibu sawa na sili, ni kwamba huuza seti za gia peke yake, hivyo jino likivunjika kwenye mwamba wa Kiseke hulazimiki kununua sevo nzima.

Nafasi ya pili ni ya ndugu zake wakubwa wa nyumba hiyohiyo, HS-646WP na HS-5646WP, nazo zikiwa na IP67. Ya pili kati ya hizo ni ya kidijitali na ina nguvu kidogo zaidi, kama kilo 13 kwa volti 7.4. Nimezishusha kwa sababu moja tu inayoudhi: shafti zake zina meno 24 badala ya 25. Mkono wa meno 25 unaweza kuonekana umekaa juu yake, hata ukakubali kubanwa kwa skrubu, lakini utakuwa umeyaumiza meno na usukani utaanza kuteleza. Anayezinunua anunue na mkono wake wa meno 24 papo hapo, vinginevyo atakaa na sevo mezani akisubiri kipande cha plastiki kisafiri kutoka ng'ambo.

Nafasi ya tatu ni Savox SW-1210SG, na hii ni kwa mwenye gari zito, la magurudumu manne au la 1:8, ambaye kilo 12 hazimtoshi kweli. Ina gia za chuma cha pua cha kazi ngumu, meno 25, imetengenezwa kwa ajili ya maji, na kwa volti 7.4 inapita kilo 30. Kuna wanaoiweka ya kwanza, nami siwakatalii nguvu yake, ila inaimba. Ukiwasha gari, hata likiwa limesimama, unasikia sauti nyembamba isiyokoma, na sauti hiyo ni mota inayorekebisha muda wote. Zaidi ya hayo, sevo ya nguvu hizo ina njaa ya umeme, na hapa inabidi nitoke kidogo kwenye sili.

Sevo haichukui umeme wake kwenye betri moja kwa moja. Huupata kupitia risiva, kutoka kwenye kisehemu cha kidhibiti mwendo kiitwacho BEC, ambacho katika magari mengi ya 1:10 hutoa volti 6 na ampea 2 au 3 hivi. Sevo kubwa ikikwama, tuseme gurudumu limebanwa kati ya mawe mawili na wewe unaendelea kukata kona, huweza kudai ampea zaidi ya hizo. Volti hushuka, risiva huzimika kwa nukta moja, na gari hupoteza mawasiliano wakati huohuo linapohitaji kuongozwa. Mwenye gari husema rimoti yake ni mbovu. Kapasita kubwa inayochomekwa kwenye nafasi iliyo wazi ya risiva husaidia kwenye mishtuko midogo, lakini dawa kamili ni BEC ya nje inayofungwa peke yake, na gharama yake uihesabu kama sehemu ya bei ya sevo tangu mwanzo. Jambo hili linarudi kwenye sili kwa njia nyingine: sevo iliyoanza kutetemeka kwa sababu ya uchafu hula umeme hata isipobeba mzigo, kwa hiyo BEC iliyokuwa ikitosha jana huonekana ndogo leo bila kitu kingine kubadilika.

Nafasi ya nne naipa Power HD LW-20MG, yenye kilo 20 kwa volti 6.6 na bei iliyo chini ya zote nilizozitaja. Ni sevo ya heshima kwa anayeendesha bustanini na barabara za vumbi za mtaani, na anayeipeleka mchangani aifanyie ule ukaguzi wa tochi kwa ukali zaidi na aongeze grisi chini ya pete kabla ya siku ya kwanza.

Nafasi ya tano huenda ikawashangaza: ni kubaki na ile 2075 iliyokuja na gari. Gia zake ni za nailoni na jiwe litazivunja siku moja, lakini ilitengenezwa kwa magari yaliyokusudiwa kupita majini, na kwa mtu ambaye hajavunja kitu bado sioni sababu ya kumtoa kwenye kinachofanya kazi ili kumpeleka kwenye kilo 25 za kuandikwa.

Za bei ya chini kabisa, MG996R na DS3218 na nyingine za ukoo wao, zimeigwa na watu wengi kiasi kwamba jina lililobandikwa ubavuni halithibitishi chochote. MG996R ni kwa mkono wa roboti mezani, mahali pasipo na mchanga.

Mambo mawili unapoifunga sevo

Wengi wakishapata sevo ya gia za chuma huondoa kile kipande chenye springi kinachokaa kati ya sevo na usukani, ambacho hulegea gurudumu likigonga kitu, wakaweka mkono wa aluminiamu usiopinda. Usukani unakuwa mkali kweli, hilo halina ubishi. Lakini kila pigo ambalo springi ingelimeza sasa linaishia kwenye shafti, beringi ya juu inaanza kulegea, shafti inaanza kucheza, na pete ya mpira inayopaswa kuibana inabaki na pengo upande mmoja. Acha springi mahali pake, na ikiwa ni laini mno, iongezee ugumu badala ya kuitoa.

La pili ni grisi. Tumia ya silikoni, isipokuwa pete yenyewe iwe ya mpira wa silikoni, kwa sababu hapo pete huvimba. Paka kidogo ndani ya mdomo wa pete kisha futa kila kilichobaki nje, maana grisi inayoonekana nje hukusanya mchanga na kuuhifadhi hapohapo ambapo hukuutaka. Pete ikichoka, maduka ya vipuri vya pikipiki yana oringi za kila ukubwa. Nenda na ile ya zamani pamoja na vipimo vya kipenyo cha ndani na unene, upewe inayolingana, kwa bei ambayo huwezi kuilinganisha na sevo mpya.

Kuhusu wauzaji na bei

Hapa naomba nivumiliwe. Nilimwandikia muuzaji mmoja wa mtandaoni, aliyekuwa akitangaza sevo ya "kilo 35 haipitishi maji", nikamwomba picha ya shafti kwa karibu. Akanitumia picha ya boksi. Nikamweleza upya kwamba nahitaji kuona kama kuna pete ya mpira, naye akajibu, "Dada, hiyo ni orijino, ondoa shaka." Nilipomuuliza kilo 35 hizo ni kwa volti ngapi, mazungumzo yakaishia hapo. Namwelewa kwamba anauza simu, spika na mashine za kunyolea katika duka hilohilo na hawezi kujua kila kitu, lakini anayeandika "haipitishi maji" kwa herufi kubwa amejipa mwenyewe jukumu la kujua maji yatapitia wapi. Kilo 35 za matangazo hayo kwa kawaida ni za volti 8.4, umeme ambao BEC ya gari la kawaida haiutoi kabisa. Kwa volti 6 namba hiyo hushuka sana, na hakuna anayeiandika iliyoshuka.

Kwa upande wa bei, sevo nzuri haipatikani kirahisi madukani Mwanza, kwa hiyo wengi wetu huagiza. Kwenye bei ya kiwanda huongezwa ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na gharama ya wakala, na hiyo ya mwisho ndiyo inayonikera, kwa sababu sevo ina uzito wa gramu 60 hivi na mawakala wengi hutoza kiwango cha chini kana kwamba umeleta kilo nzima. Dola 50 zinaweza kukaribia kuwa mara mbili kabla hazijashuka kwenye basi la kutoka Dar. Ndipo mtu huona nafuu kuchukua ile ya bei ya chini iliyopo kwenye kabati la duka, akairudia mara tatu kwa mwaka, na fedha ikawa ileile au ikazidi.

Kwa kuwa kiwango hicho cha chini hulipwa hata hivyo, kijazeni. Unganeni watu watatu au wanne katika agizo moja, na kila mmoja aongeze seti ya gia ya akiba ya sevo aliyoichagua, skrubu moja ya shafti, na mkono wa meno yanayolingana, 24 au 25 kwa mujibu wa sevo yake, kwani vyote hivyo kwa pamoja bado havifikishi robo kilo. Mzigo ukifika, kila mtu aifungue sevo yake mbele ya wenzake na kuimulika pale kwenye shafti kabla haijagusa gari, kwa sababu muuzaji hukubali kurudishiwa sevo isiyo na alama za skrubu kwenye masikio yake, na iliyokwisha kufungwa hata mara moja huikataa.